Tanki la Beetle ya 1972 limeliwa na kutu ndani: nilioshe, nilizibe, au nichongeshe jipya?

#1 MwanaChumbageni
Wakuu, habari za leo.

Mzee wetu alituachia Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972. Ilisimama uani hapa Tanga miaka 9, tanki likiwa na petroli nusu. Mwezi uliopita nimeifufua: plagi mpya, platini mpya, betri mpya, karabureta imefumuliwa na kuoshwa. Ikawaka mara ya tatu. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Shida ni hii. Inakwenda kilometa 3 au 4, inaanza kukohoa, inazima. Nikisubiri robo saa inawaka kama haikuwa na kitu, halafu inarudia. Filta ya mafuta, ile ya plastiki inayoonyesha ndani, nimebadilisha mara 3 na kila mara inajaa unga mwekundu kama wa tofali. Jana nimefungua geji juu ya tanki nikamulika tochi. Kuta zina ukoko, chini kuna tope la rangi ya chai, na harufu yake si ya petroli tena, inanuka kama vanishi.

Mtaani nimeulizia mafundi watatu. Wa kwanza kasema lioshwe. Wa pili kasema lipakwe dawa ya kuziba kwa ndani. Wa tatu kasema nitupe, atanichongea jipya. Kila mmoja anaapa. Gari hii ndiyo iliyomleta mama na mdogo wetu wa mwisho kutoka wodi ya wazazi, sitaki kuiua kwa pupa.

#2 Pijo504
Naweka mkeka hapa. Yangu ina ugonjwa huo huo, ila tanki lake kulitoa ni vita.

#3 Spana13
Kabla hujatupa chochote, ng'oa tanki. Kwenye Beetle ni kazi ya nusu saa. Inua boneti ya mbele, toa lile kadibodi la kufunika, tanki hilo hapo. Nyonya mafuta yote kwanza. Kisha hosi ya chini, hosi ya shingo ya kujazia upande wa kulia, kihosi cha hewa, waya wa geji, halafu bolti 4, spana namba 13. Linyanyue ulitikise. Likilia kama kayamba, umepata jibu.

Na huko kuzima ni kichujio cha waya kilicho pale mafuta yanapotokea, chini ya tanki. Kutu inavutwa inajibandika pale, mafuta yanakatika. Ukizima, mvuto unaisha, kutu inadondoka, njia inafunguka. Robo saa yako ndiyo hiyo.

#4 MzeeWaReli
Vijana, msikimbilie kutu tu. Kuzima, kusubiri, kuwaka, ni dalili ya tanki lisilopumua. Pampu inatoa mafuta, hewa haiingii kujaza nafasi, tanki linajinyonga lenyewe. Kipaipu cha hewa cha gari iliyolala miaka 9 huwa kimejaa udongo wa nyigu, hasa pwani. Jaribio halina gharama: ikizima, shuka ufungue mfuniko wa mafuta hapo hapo. Ukisikia "fyuuu" na ikawaka papo hapo bila kusubiri, ugonjwa ni pumzi.

#5 MwanaChumbageni
Shikamoo mzee. Kesho nalifanya hilo.

#6 KijanaWaThika
Hamjambo wenzangu wa Bongo. Mimi naona joto. Pampu ya 1300 imefungwa kwenye injini yenyewe, petroli inachemka humo, pampu inasukuma mvuke badala ya mafuta. Yangu ilinifanyia hivyo karibu na Mtito Andei saa saba mchana. Nilimwaga maji kwenye kitambaa, nikakizungusha kwenye pampu, dakika 2 ikawaka.

#7 Spana13
Kaka wa Thika, wewe ulikuwa umetoka Nairobi kwenye jua la Tsavo. Huyu anazima kilometa ya 3, injini haijapata hata joto la kuchemshia yai.

#8 KijanaWaThika
Tanga nayo si friji, ndugu.

#9 BintiFundi
Kabla hamjaendelea. Kaka MwanaChumbageni, hiyo filta ya plastiki umeifunga wapi? Kama iko nyuma, juu ya injini, itoe leo, usingoje kesho. Baba yangu alifanya kazi za Volkswagen maisha yake yote na alikuwa hakubali filta kukaa chumba cha injini. Inaning'inia kwenye hosi, inatetemeka, uzito wake unachomoa hosi kidogo kidogo, petroli inamwagikia distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche za moto kwa plagi. Beetle nyingi hazikufa kwa ajali, ziliungua. Ifunge mbele chini ya tanki, na badilisha hosi zote za mpira, hata zile zinazoonekana nzima. Mpira wa miaka 50 ukiukunja unapasuka.

#10 MwanaChumbageni
Ilikuwa nyuma, dada. Nimeitoa usiku huu huu kwa tochi. Asante sana.

#11 MwanaChumbageni
Majibu ya jaribio. Safari ya kwanza ilizima nikielekea Raskazone. Nikafungua mfuniko, nikasikia "fyuuu", ikawaka hapo hapo. Nikafurahi nikamwita mdogo wangu. Safari ya pili ikazima tena, nikafungua mfuniko, kimya, hakuna sauti. Ikabidi ningoje dakika 12.

#12 MzeeWaReli
Ile ya kwanza ni yangu.

#13 Spana13
Na ya pili ni yangu. Gari moja inaweza kuwa na malaria na minyoo kwa pamoja.

#14 Ndovu109
Habari. Nina Land Rover, tanki liko chini ya kiti, nimeshaosha mawili. Njia yangu ni mnyororo. Chukua mnyororo mwembamba wa mita 3, uingize ndani pamoja na lita 2 za mafuta ya taa, ziba matundu yote, vingirisha tanki kwa blanketi, lifunge kwenye mashine ya kuchanganyia zege na uiache izunguke taratibu saa 2, ukiligeuza katikati. Mnyororo, si kokoto. Kokoto unaingiza 100 unatoa 97, na zile 3 zitakusumbua mpaka uzeeni. Mnyororo ukivuta ncha moja unatoka wote.

#15 MwalimuKemia
Mnyororo unatoa magamba tu. Kutu iliyoshika chuma inahitaji asidi, na si lazima iwe kali. Nenda kwa wauza viungo ununue unga wa ndimu, kilo 2 kwa maji ya moto lita 40, jaza tanki mpaka juu, acha siku moja au mbili. Siki nayo inafanya kazi ila ni ya polepole na utahitaji ndoo nyingi. Usikubali mtu akumwagie maji ya betri. Yanakula kutu, halafu yanaendelea na chuma kizima.

Hatari kubwa inakuja baada ya kuosha. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Ukikisuuza kwa maji na kukiacha, nusu saa baadaye kimegeuka rangi ya machungwa upya. Kwa hiyo suuza kwa maji yenye bikaboneti ili kuua asidi, mwaga, suuza kwa spiriti ya kuwashia, puliza hewa ya moto mpaka kukauke, kisha mimina lita moja ya petroli iliyochanganywa na oili ya injini ya viharusi viwili, ulizungushe lilowe kote. Mfululizo, bila kwenda kula katikati.

Jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalisemi: matanki ya zamani mengi yalitengenezwa kwa bati lililopakwa mchanganyiko wa risasi na stani (tin). Ndiyo ngozi yake. Asidi ikikaa mno inaila nayo. Ukiona sehemu za ndani bado zina rangi ya kijivu iliyofifia, hiyo si uchafu, usiisugue.

#16 Babu_Ilala
Hapo kwenye risasi ndipo penyewe. Matanki yalianza kuoza walipoondoa risasi kwenye petroli. Zamani petroli yenyewe ilikuwa inalinda tanki.

#17 MwalimuKemia
Hapana mzee wangu, hizo ni risasi mbili tofauti. Ile ya kwenye petroli iliwekwa kuzuia injini kugonga, na ikawa inasaidia viti vya valvu. Nchi zetu ziliiacha mwishoni mwa 2005 kufuatia makubaliano ya Dakar ya 2001. Ya kwenye tanki ni rangi ya chuma, imepakwa kiwandani, haina habari na petroli unayojaza. Anayeozesha tanki ni maji.

#18 Babu_Ilala
Basi nijibu, maji yametoka wapi kwenye tanki lililofungwa miaka 9?

#19 MwalimuKemia
Kwenye hewa. Tanki nusu ni tanki lenye lita 20 za hewa ya Tanga. Usiku linapoa, unyevu unaganda kwenye kuta, unateremka chini. Mchana linavuta hewa nyingine mbichi. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa sakafuni na hayatoki. Zidisha kwa siku za miaka 9.

#20 Ndovu109
Mimi nasema ilijazwa hayo maji kituoni. Miaka ile kabla EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hawajaanza kuweka vinasaba (alama ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, tuliuziwa petroli yenye mafuta ya taa na kila kitu.

#21 BintiFundi
Na chumvi ya bahari mnaisahau? Pwani bati la paa la kawaida linaoza haraka, itakuwa tanki?

#22 Mchapakazi_Moro
Wakuu, mnatumia gharama bure. Njia rahisi ni magadi na chaja ya betri. Yeyusha magadi kwenye maji ya tanki, zamisha nondo katikati, waya chanya kwenye tanki, hasi kwenye nondo, washa chaja usiku mzima. Asubuhi linang'aa.

#23 MwalimuKemia
SIMAMA. Umegeuza waya! Hasi ndiyo inakwenda kwenye tanki, chanya kwenye nondo. Upande wa chanya ndio unaoliwa. Ukifanya ulivyoandika, asubuhi nondo itakuwa nzima na tanki litakuwa chujio la nazi. Mwenye kufuata ushauri wa #22 tafadhali asome hapa kwanza.

Njia yenyewe ni nzuri, naipenda kuliko asidi kwa sababu haigusi chuma kizima. Ila nondo isiguse tanki popote, ining'inize kupitia tundu la geji kwa ubao mkavu. Isiwe chuma cha pua, kinatoa kromu yenye sumu. Na fanya kazi nje, maana inatoa hidrojeni: hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa jirani, zima chaja kabla ya kuchomoa waya. Kutu inaondoka sehemu zinazotazamana na nondo tu, kwa hiyo utaihamisha mara kwa mara.

#24 Mchapakazi_Moro
Ni kweli, nimegeuza wakati wa kuandika. Samahani kwa wote. Kwenye langu nilifanya sawa.

#25 Spana13
Tunaomba picha ya tanki lako kabla hatujakuamini, haha.

#26 MjukuuHamburg
Salamu kutoka Hamburg. Huku gari ikifikisha miaka 30 na ikiwa katika hali yake ya asili inaweza kupata namba ya magari ya urithi, yenye herufi H mwishoni, kwa hiyo Beetle zinatunzwa kama watoto. Matanki mapya ya kuiga yanauzwa. Nilinunua moja. Lilikaa vizuri, ila tundu la geji lilihitaji kupigwa tupa, na bati lake ni jepesi, ukiligonga unasikia. La zamani nililolitoa lilikuwa zito zaidi na leo najuta kulitupa.

Kuhusu dawa za kuziba ndani: kuwa mwangalifu. Huku tangu 2011 kuna petroli yenye spiriti mpaka asilimia 10, na dawa nyingi za zamani zinayeyuka humo. Rafiki yangu alipaka, mwaka wa pili ikaanza kubanduka vipande kama ngozi ya maziwa, vikaziba kila kitu. Kutoa dawa iliyoshindwa ni kazi mara tano ya kutoa kutu.

#27 KijanaWaThika
Lakini kwetu na kwenu petroli ya kituoni haina spiriti kama hiyo.

#28 MjukuuHamburg
Leo haina. Malawi wanachanganya tangu 1982, na si mbali na Tanzania. Dawa ikishaingia kwenye tanki huitoi.

#29 Ndovu109
Mimi nilipaka ya epoksi, mwaka wa 7 huu, haijabanduka hata chembe. Wanaoharibikiwa wanapaka juu ya kutu na mafuta. Ni kama kupaka rangi ukuta wenye chumvi.

#30 KijanaWaThika
Kuhusu kuchongesha: mafundi wa jua kali Kamukunji, Nairobi, wanaweza, nimeona kazi zao, mikono yao ni safi. Ila mpe bati jeusi la chuma, asikutengenezee kwa bati la zinki la paa. Zinki na mafuta haviendani, inatoa unga mweupe unaoziba jeti za karabureta. Na mwambie aweke kuta ndogo ndani, zenye matundu, ili mafuta yasikimbie upande mmoja ukikata kona.

#31 Pijo504
Mimi kwa sasa natembelea dumu la lita 5 nililofunga kwenye buti na kipira. Gari inakwenda safi kabisa, ndiyo nimejua ugonjwa ni tanki.

#32 BintiFundi
Kaka Pijo, kama kipimo sawa, kwa dakika 10 gari ikiwa imesimama. Kama maisha, hapana. Dumu ndani ya gari moja na abiria, petroli ikivuja unakaa ndani ya mvuke wake. Nakuomba ulitoe.

#33 Pijo504
Nimekusikia dada. Jumamosi linatoka.

#34 Babu_Ilala
Gari hizi ziliheshimiwa jamani. Beetle imeshinda Safari Rally mara 4: 1953, 1954, 1957 na 1962.

#35 MzeeWaReli
Mara 3 mzee mwenzangu. Mwaka 1953 hapakuwa na mshindi wa jumla, magari yaligawanywa madaraja kwa bei ya dukani. Beetle ya Alan Dix ilikuwa na adhabu chache kuliko wote, ndipo watu wakaihesabu ushindi.

#36 Babu_Ilala
Mwenye adhabu chache kuliko wote mimi namwita mshindi.

#37 Pijo504
Na baada ya 1962 ikaja zamu ya Pijo 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Naliacha hapo.

#38 Spana13
Tanki, wakuu. Tanki.

#39 MwanaChumbageni
Nimerudi. Tanki limetoka, kweli nusu saa (bolti moja ilikatika, tuseme saa moja). Limelia kama kayamba. Nimetoa gamba la kutu linalojaza vikombe 2. Kichujio cha waya kilikuwa kimeziba karibu chote. Na kipaipu cha hewa nacho kilikuwa na udongo wa nyigu, mzee ulisema.

Nimefuata mnyororo, kisha magadi na chaja, HASI KWENYE TANKI, siku 3, nikihamisha nondo. Limerudi chuma cha kijivu, nimefurahi sana. Halafu nikaziba matundu, nikapuliza kwa mdomo huku mdogo wangu anapaka povu la sabuni nje. Vipovu sehemu 4, vyote sakafuni, mstari mmoja karibu na kiungio. Vidogo kama ncha ya sindano. Fundi wa mtaa wa nyuma anasema nimletee achomelee, dakika 10.

#40 BintiFundi
Usimpelekee. Nitaeleza kwa nini, na sipendi kulieleza.

Nikiwa na miaka 14, jirani yetu Morogoro alipelekewa tanki la gari "tupu". Alilisuuza kwa maji na sabuni ya unga mara 2, akalianika juani, akanusa, hakusikia harufu. Akawasha moto. Tulidhani transfoma imelipuka. Aliishi, lakini mkono wa kulia haukurudi. Baba alitueleza baadaye: kutu ni kama sifongo, na viungio vya bati vimekunjwa, petroli inajificha humo. Ukipasha joto inatoka. Tanki tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke kidogo na hewa nyingi ndiyo baruti yenyewe.

#41 Spana13
Pole dada. Mafundi wengi wanaingiza moshi wa ekzosi kwanza ili kufukuza hewa.

#42 MwalimuKemia
Moshi wa ekzosi si wa kutegemea, injini baridi inatoa petroli ambayo haikuungua humo humo. Kama ni lazima kuchomelea, jaza maji mpaka karibu na tundu, likiwa limegeuzwa sehemu ya kuchomea iwe juu, na nafasi iliyobaki ijazwe gesi ya kaboni dayoksaidi ya mtungi. Lakini kwa tundu la ncha ya sindano, kwa nini moto? Lehemu ya risasi inatosha. Bati lenye stani linapokea lehemu vizuri mno. Pasha nyundo ya shaba kwenye jiko huko mbali, ilete ikiwa moto bila mwali, tanki likiwa limeshajazwa maji na kumwagwa.

#43 MjukuuHamburg
Mwalimu, matundu 4 yanayoonekana kwenye mstari mmoja maana yake mengine 40 yako njiani. Bati pale limebaki kama karatasi. Akate ile sehemu yote au anunue jipya.

#44 Ndovu109
Au apake epoksi sasa, kwa sababu chuma ni safi. Hapo ndipo dawa inapofaa.

#45 MzeeWaReli
Tulipokuwa karakana tulipima bati kwa bisibisi butu. Sukuma kwa kidole gumba pembeni ya kila tundu. Likibonyea kama kifuniko cha maziwa ya unga, kata. Likikataa, lehemu.

#46 Mchapakazi_Moro
Kwa dharura sabuni ya mche inaziba, petroli haiyeyushi sabuni. Nilitoka nayo Mikumi mpaka nyumbani.

#47 MwanaChumbageni
Nimesukuma kwa bisibisi. Matatu yamekataa. Moja limebonyea.

#48 MjukuuHamburg
Umeona.

#49 Ndovu109
Moja tu kati ya 4. Kiraka kidogo cha bati kwa lehemu, halafu epoksi, maisha yanaendelea.

#50 BintiFundi
Kaka, chochote utakachochagua, kipime kwa maji usiku kucha juu ya karatasi kavu kabla ya petroli. Na kumbuka tanki hilo linakaa mbele ya magoti yako.

#51 MwanaChumbageni
Mama kasema la zamani litengenezwe, maana baba alilijaza mwenyewe mara ya mwisho. Mimi bado nawaza la Hamburg. Kwa sasa nimelipaka oili ndani, liko sebuleni juu ya gazeti. Mjukuu, kuleta tanki kwa meli mpaka Dar kunakuwaje?

#52 MzeeWaReli
Wakati unasubiri majibu, puliza ile paipu ya chuma inayopita katikati ya gari kwenda nyuma. Shikilia kitambaa cheupe upande wa injini. Kikitoka chekundu, tanki jipya halitakusaidia.

#53 MwanaChumbageni
Kimetoka chekundu.